Somo linalomfuata mwanafunzi: simu inaweza kumsaidia nani katika vyuo vya Singida?

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vijana kutoka Ilongero, Nduguti, Mitundu, Shelui na vijiji vingine vya mkoa wetu hubeba masanduku yao kwenda chuoni. Wengine wanabaki hapa hapa mkoani: Chuo cha Ualimu Kinampanda kule Iramba, VETA Singida, kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) pale mjini, chuo cha afya Itigi. Wengine hawaondoki nyumbani kabisa. Ni walimu, watendaji na wahudumu wa afya wanaosoma Chuo Kikuu Huria huku wakiendelea na kazi.

Wakifika darasani, wote wanapewa somo moja, kwa kasi moja, na mara nyingi kwa Kiingereza. Muhula ukiisha, wapo waliofaulu, wapo wenye sapu, na wapo waliodisko. Hasara haiishii kwa kijana. Iko pia kwa familia iliyouza mbuzi au magunia ya alizeti ili ada ipatikane.

Siku hizi tunasikia kwamba dawa imepatikana: programu za kompyuta na simu zinazompa kila mwanafunzi somo linalomfaa yeye. Katika makala hii tunaeleza jambo hilo linafanyaje kazi, wapi limeonekana kusaidia, wapi limeleta madhara, na nini kifanyike ili kijana wa kijijini asiachwe nyuma.

Ni kitu gani hasa?

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa uuguzi. Anaulizwa: dawa ya maji ina miligramu 125 katika kila mililita 5. Mgonjwa anatakiwa kupewa miligramu 200. Utampa mililita ngapi? Jibu sahihi ni mililita 8.

Wanafunzi watatu wamekosa. Wa kwanza hajui hesabu za uwiano. Alizikosa tangu sekondari. Wa pili hesabu anaijua, ila swali liliandikwa kwa Kiingereza na hakulielewa vizuri. Wa tatu alikuwa na haraka, akabahatisha. Kwenye daftari la mkufunzi wote watatu wana alama ya kosa. Lakini ugonjwa wao si mmoja, na dawa yao haiwezi kuwa moja.

Mwalimu mwenye wanafunzi watano angewauliza mmoja mmoja na kugundua tofauti hiyo. Mwenye wanafunzi 150 hawezi. Hapo ndipo programu inapoingia. Mwanafunzi akikosa, programu haimpi tu alama ya kosa na kuendelea mbele. Inamletea swali lingine dogo: hesabu ile ile bila maneno ya Kiingereza, au maneno yale yale kwa hesabu rahisi. Kwa majibu mawili matatu inaweza kukisia tatizo liko wapi, kisha ikampa wa kwanza mazoezi ya uwiano, wa pili msamiati, na wa tatu onyo la kutulia.

Kazi ya teknolojia hii kwa asili ni hiyo: kupima, kukisia, kuchagua hatua inayofuata, kisha kupima tena. Hakuna muujiza ndani yake.

Wazo lenyewe si geni

Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, alitoa maelezo ambayo yananukuliwa mpaka leo. Alisema mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa na mwalimu wake peke yake, na kurekebishwa kila alipokosea, aliwashinda karibu asilimia 98 ya wanafunzi waliosoma darasani kwa njia ya kawaida. Watafiti waliomfuata wameona faida hiyo si kubwa kiasi hicho, lakini wengi wanakubali kwamba ipo. Shida ni kwamba hakuna nchi yenye uwezo wa kumpa kila mwanafunzi mwalimu wake.

Sisi Tanzania tuliwahi kulikabili swali hilo hilo kwa njia yetu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi, na walimu hawakutosha. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kuwa walimu wakiwa vijijini mwao. Walifundisha, wakasoma kwa vitabu vilivyotumwa kwa posta, wakasikiliza vipindi vya redio, na wakawa na wasimamizi waliowatembelea na kuwasahihisha. Walimu zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo.

Kabla ya hapo, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kilikuwa kimoja kwa nchi nzima, lakini kila kikundi kilikuwa na kiongozi, kitabu na mjadala: je, hapa kwetu maji yanatoka wapi, vyoo viko wapi, tuanze na nini? Redio ilisema na wote, kiongozi wa kikundi akalileta somo hadi mlangoni.

Tunalikumbuka hilo kwa sababu linasaidia kupima ahadi za leo. Chombo kilibadilika kutoka posta kwenda redio, na sasa kwenda simu. Kilichofanya somo limfae mtu mmoja mmoja kilikuwa ni binadamu aliyejua mwanafunzi amekwama wapi.

Nini kimejaribiwa, na kimeleta nini?

Jaribio kubwa lililofanyika nchini kwetu halikuwa la vyuo bali la watoto. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, karibu watoto 3,000 katika vijiji zaidi ya 100 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Lilikuwa shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE. Wengi wa watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Kila mtoto aliendelea kwa kasi yake. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imeshuka kwa karibu nusu. Mwezi Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi.

Mambo mawili yanafaa kuangaliwa hapo. Programu zilitumia Kiswahili. Na vijijini palikuwa na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua pamoja na akina mama waliosimamia. Kishikwambi hakikuachwa peke yake.

Kwa vyuo, mfano unaotajwa sana ni Chuo Kikuu cha Georgia State kilichopo Atlanta, Marekani. Chuo hicho kina wanafunzi wengi kutoka familia zenye kipato kidogo. Kiliona kwamba wapo waliokuwa wakipata nafasi, lakini chuo kikifunguliwa hawaonekani. Wengi hawakushindwa masomo. Walishindwa fomu za mkopo, tarehe za malipo na vyeti. Mwaka 2016 chuo kilianza kuwatumia ujumbe mfupi wa simu unaojibu maswali yao usiku na mchana, kila mmoja akikumbushwa jambo ambalo yeye hajakamilisha. Idadi ya waliopotea kabla ya chuo kufunguliwa ilipungua kwa takriban moja ya tano.

Msikilizaji wa Singida anaielewa habari hiyo bila kufasiriwa. Kijana aliyehangaika kuhakiki cheti cha kuzaliwa au cha kifo cha mzazi kule RITA ili aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo anajua kwamba karatasi moja inaweza kumnyima mwaka mzima. Ujumbe unaomwambia "cheti chako bado hakijahakikiwa, zimebaki siku tano" ungemfaa kuliko tangazo refu linalosema na kila mtu.

Hapa nchini VETA ilizindua mwaka 2016, kwa kushirikiana na Airtel, programu ya simu iitwayo VSOMO. Mwanafunzi alisoma nadharia ya ufundi kwenye simu, kisha akaenda kwenye chuo cha VETA kwa mafunzo ya vitendo. Ni mpangilio wa akili: huwezi kujifunza kuchomelea kwa kutazama kioo cha simu, lakini huna haja ya kulipia chumba mjini ili usome kanuni za usalama.

Simu ya kiswaswadu nayo imo

Wengi hudhani mambo haya yanahitaji simujanja na intaneti yenye kasi. Jaribio la Botswana mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO, linasema vingine. Familia zipatazo 4,500 za watoto wa shule ya msingi zilishiriki. Kundi moja lilipata ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu kila wiki. Kundi la pili lilipata ujumbe huo pamoja na simu ya mwalimu ya dakika 15 hadi 20 kwa wiki. Kundi la tatu halikupata kitu, ili kulinganisha.

Waliopigiwa simu waliendelea vizuri. Kwa waliopata ujumbe peke yake, hakukuwa na mabadiliko ya wazi. Jaribio hilo lilirudiwa baadaye katika nchi tano, zikiwemo jirani zetu Kenya na Uganda, na simu ya mwalimu ikaonekana tena kuwa na faida.

Hao walikuwa watoto, si wanachuo. Hata hivyo somo lake linawahusu wenye vyuo vyetu. Ujumbe hauwezi kusikia ukimya wa mtu ambaye hajaelewa. Mwalimu anausikia, hata kwenye simu ya kitochi.

Tupige hesabu ndogo. Tuchukulie kozi ina wanafunzi 200. Mkufunzi akitaka kumpigia kila mmoja dakika 20 kwa mwezi, atahitaji dakika 4,000, yaani zaidi ya saa 66. Haiwezekani. Sasa tuchukulie jaribio fupi la kila wiki, linalosahihishwa na kompyuta, linamwonyesha kwamba waliokwama kweli ni 30. Dakika 600, yaani saa 10 kwa mwezi. Hilo linawezekana. Kwa maoni yetu, kazi yenye faida kubwa ambayo teknolojia inaweza kuifanya kwenye vyuo vya mikoani ni hiyo: kumwonyesha mkufunzi ampigie nani. Kazi ya kufundisha inabaki kwake.

Akili unde: msaidizi au mtego?

Tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, wanachuo wengi hawakusubiri chuo kiamue. Wana simu, wanauliza wenyewe. Akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, inaweza kukueleza jambo moja mara kumi bila kuchoka. Inaweza kukufafanulia kwa Kiswahili kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kwa kijana aliyesoma msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza kizito cha chuo, huo ni msaada mkubwa, pengine kuliko wote.

Lakini kuna utafiti wa Uturuki ambao kila mwanachuo angefaa kuusikia. Karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari walifanya mazoezi ya hesabu. Kundi moja liliruhusiwa kutumia akili unde wapendavyo. Kwenye mazoezi walifanya vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya waliosoma bila msaada huo. Kisha ukaja mtihani, msaidizi akaondolewa. Hao hao wakashuka chini ya wenzao kwa asilimia 17. Walikuwa wamepokea majibu bila kujifunza njia.

Kundi jingine lilipewa akili unde iliyofungwa: inatoa dokezo, haitoi jibu. Hao walifanya mazoezi vizuri zaidi, na kwenye mtihani hawakuharibikiwa. Kwa hiyo swali si kama kijana anatumia akili unde au la. Swali ni anaiomba nini. Anayeandika "nipe jibu" anaazima akili ambayo chumba cha mtihani hakitamruhusu kuingia nayo. Anayeandika "usinipe jibu, niulize maswali mpaka nione nimekosea wapi" anajifunza.

Tena programu hizi hukosea kwa kujiamini. Hutaja sheria isiyokuwepo au kipimo cha dawa kisicho sahihi, kwa maneno yaliyonyooka. Kwa mwanafunzi wa uhasibu kosa hilo ni sapu. Kwa mwanafunzi wa uuguzi linaweza kuwa uhai wa mgonjwa.

Nani atalipa?

Hapa ndipo penye uzito kwa wasikilizaji wetu. Saa moja ya video ya somo hula mamia ya MB. Kitabu kizima cha maandishi matupu kinaweza kuwa chini ya MB 2. Chuo kikiamua kwamba masomo yawe video, kimeamua pia nani atasoma na nani atabaki anaangalia salio lake. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria aliyeko Mitundu na mwenzake aliyeko mjini wanalipa ada kwa kanuni zile zile, ila bando na mtandao wao haviko sawa.

Serikali imefanya kazi kwenye upande wa mtandao. Mwezi Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika mikoa 26. Mnara ni mwanzo mzuri. Lakini mnara haununui simu, na simu ikiwa moja kwa nyumba nzima, mwanafunzi anasoma saa ambayo baba au mama hana haja nayo.

Bila kuliangalia hilo, masomo yaliyotengenezwa kumfaa kila mtu yatawafaa zaidi wale ambao tayari wana nafuu: mwenye kompyuta, mwenye bando, mwenye Kiingereza. Programu inajifunza kutokana na anayeitumia. Asiyeitumia haionekani, na asiyeonekana hasaidiwi.

Kuna jambo la pili. Programu ikikukisia vibaya, inaweza kukufunga. Kijana aliyetoka shule ya kata isiyo na mwalimu wa hesabu anaanza chini. Programu inampa maswali mepesi, anayajibu, inaendelea kumpa mepesi. Mwisho wa muhula hajakutana na maswali ya mtihani. Kurahisishiwa ni msaada kama ni ngazi ya kupandia. Likiwa ndilo chumba cha kukaa, amepunjwa.

La tatu ni siri za mwanafunzi. Ili programu ikujue, inahifadhi habari zako: alama, makosa, saa unazosoma, hata mahali ulipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Una haki ya kujua ni habari gani zako zimehifadhiwa na kuomba zilizokosewa zirekebishwe. Chuo kinachonunua programu kiwe na jibu la swali hili: habari za wanafunzi zinakaa wapi, na nani mwingine anaziona?

Kifanyike nini?

Kwa vyuo, tunashauri kuanza na vitu vya bei nafuu kabla ya vya bei kubwa. Jaribio fupi wiki ya kwanza, lisilo na alama za mtihani, lioneshe nani amekwama kwenye hesabu na nani kwenye lugha. Maandishi mepesi ya kila somo yanayofunguka kwenye simu yoyote na kupakuliwa mara moja. Muda wa mkufunzi kupiga simu, ukiwa umo kwenye ratiba na vocha yake imelipwa, asiifanye kwa hisani. Na ufafanuzi wa Kiswahili wa maneno magumu, hata kama mtihani ni wa Kiingereza.

Chuo kikinunua programu, kwanza kiijaribu kwenye simu ya bei ya chini, mahali ambapo mtandao unasuasua. Ikigoma huko, haijafika Singida.

Kwa wanachuo: pakua maandishi pale mtandao ulipo mzuri, soma ukiwa nyumbani. Tumia akili unde kukuuliza, si kukufanyia. Chochote inachokuambia kuhusu dawa, sheria au fedha, kihakiki kwenye kitabu au kwa mkufunzi. Undeni kikundi cha watu watano. Mmoja mwenye simujanja anaweza kuwasomea wanne, na mkibishana jibu mnajifunza zaidi.

Kwa wazazi na walezi: si lazima mjue kompyuta. Mnaposikia chuo kina mfumo mpya, ulizeni maneno matatu tu. Mtoto wetu akiwa kijijini wakati wa likizo, atausoma? Akikwama, nani atampigia simu? Bando linalipwa na nani?

Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwenye programu yoyote. Yako kwenye bajeti ya chuo, na bajeti hupangwa kabla muhula haujaanza. Huo ndio wakati wa kuuliza.